Nani Katenda, Nani Katendwa? Msamiati wa Mapenzi ya Wanavyuo na Uhakiki wa Rosa Mistika

Ikisiri

Makala haya yanahoji namna uhakiki wa Kiswahili unavyotaja mahusiano ya kingono ya wanavyuo, hususani katika usomaji wa riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Yanalinganisha sosholojia ya Marekani kuhusu ngono isiyo na ahadi vyuoni na msamiati wa Kiswahili wa jambo hilohilo. Yanadai kwamba wanavyuo wa Marekani wamejipatia neno linaloficha tofauti za madaraka kwa kutosema mengi, ilhali uhakiki wetu umezificha tofauti hizo kwa kuhukumu mapema mno. Nomino umalaya, iliyozoeleka katika mijadala kuhusu Rosa, humwondolea mhakiki wajibu wa kuuliza swali ambalo sarufi ya Kiswahili yenyewe hutulazimisha kuliuliza: nani katenda, na nani katendwa? Makala yanapendekeza uhakiki unaolitaja tendo, wahusika wake na mizani ya madaraka kati yao kabla ya kutoa hukumu.

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesahihisha majibu ya mitihani kuhusu Rosa Mistika. Maswali hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini jibu moja hujirudia: Rosa alilelewa kwa ukali, akafika chuoni akakuta uhuru, akawa malaya, akafa. Kosa hili si la wanafunzi. Katika muhtasari wa mihadhara nilioandika nilipoanza kufundisha riwaya hii kuna kichwa kisemacho “Umalaya wa Rosa chuoni”, na chini yake vipengele vitano. Nilipourejea muhtasari huo kwa ajili ya makala haya, nilikuta kwamba katika vipengele vyote vitano hakuna mwanamume hata mmoja aliyetajwa.

Kilichonirudisha kwenye muhtasari huo ni swali la mwanafunzi mmoja wa kike katika semina. Wenzake walikuwa wameeleza kwa ufasaha jinsi Rosa alivyoharibika. Yeye akauliza: “Mwalimu, na mkuu wa chuo tunamwita nani?” Darasa lilicheka. Nilijibu kwamba mkuu wa chuo ni mhusika mdogo, kisha tukaendelea na mbinu za kisanaa. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kigezo cha idadi ya kurasa tu.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo upya. Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu kabla ya kuwa mhakiki, nitaanzia kwenye maneno. Hata hivyo, kwanza nitapitia kwa ufupi taaluma ambayo imekwisha kulichunguza suala la ngono vyuoni kwa kina, ingawa katika jamii iliyo tofauti na yetu.

2.0 Mafunzo kutoka sosholojia ya Marekani

Wasomi wa Marekani walianza mapema kuyatazama mapenzi ya wanavyuo kama jambo la kijamii lenye kanuni. Mwaka 1937, Willard Waller alichapisha uchunguzi wake kuhusu uchumba wa wanafunzi katika chuo kimoja cha Pennsylvania. Alieleza kwamba kutoka na fulani kulikuwa kama mashindano ya hadhi: kijana alipimwa kwa chama alichomo, fedha alizonazo na gari analoweza kupata, na msichana alipimwa kwa wingi wa wanaomtaka. Hakushughulika kutafuta nani kaharibika. Aliuliza soko la hadhi linaendeshwaje.

Miongo saba baadaye, Kathleen Bogle (2008) aliwahoji watu 76, wanafunzi na wahitimu, kutoka vyuo vikuu viwili vya mashariki mwa Marekani. Aligundua kwamba mpangilio ulikuwa umepinduka. Zamani wawili walitoka pamoja kwanza, na ukaribu wa kimwili ukafuata. Sasa ukaribu huanza mwishoni mwa sherehe, na kutoka pamoja huja baadaye, kama kutakuja. Wanafunzi wenyewe waliliita jambo hilo kwa neno la mitaani ambalo hapa nitaliandika hukapu. Bogle alilieleza kwa dhana ya skripti, iliyojengwa na John Gagnon na William Simon (1973), kwamba hata tendo lionekanalo la ghafla na la faragha hufuata mfululizo wa hatua ambazo jamii imekwisha kuwafunza watendaji wake.

Lisa Wade (2017) aliongeza tofauti iliyo muhimu kwa uhakiki. Kwa kutumia shajara za wanafunzi 101, alitenganisha hukapu kama tendo na utamaduni wa hukapu kama mazingira. Mwanafunzi anaweza kulikataa tendo, lakini hawezi kutoka nje ya mazingira, kwa kuwa hata kukataa kwake hupimwa kwa kanuni zilezile. Takwimu zinaiunga mkono tofauti hiyo. Utafiti ulioongozwa na Paula England kati ya 2005 na 2011, uliowafikia wanafunzi zaidi ya 20,000 katika vyuo 21, ulionesha kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa na wastani wa hukapu zipatazo nane kwa miaka minne, na kwamba nyingi kati ya hizo hazikufikia tendo kamili la ndoa. Matendo, basi, ni machache kuliko mazungumzo kuyahusu.

Wanaisimu tunapaswa kusimama kidogo kwenye neno lenyewe. Hukapu linaweza kumaanisha busu, linaweza kumaanisha kulala pamoja, na linaweza kumaanisha chochote kilicho katikati. Asemaye “tulifanya hukapu” hajasema kilichotendeka. Utata huo una kazi. Kijana anaweza kuwaachia rafiki zake wadhani zaidi ya kilichotokea, na msichana anaweza kuwaachia wadhani pungufu. Ukiuliza kwa nini wawili hawa wanauhitaji utata huo kwa namna mbili zilizo kinyume, unaikuta hukumu ya jinsia: tendo lilelile humwongezea mmoja sifa na kumpunguzia mwingine. Neno limelisawazisha tendo lisilo sawa.

Funzo la mwisho linahusu tabaka. Elizabeth Armstrong na Laura Hamilton (2013) walikaa na wasichana wa ghorofa moja ya bweni katika chuo kikuu cha umma cha Marekani ya kati, kisha wakawafuatilia kwa miaka mitano. Walionesha kuwa maisha ya sherehe yaliwagharimu wasichana kwa viwango tofauti. Binti wa wazazi wenye uwezo aliyapitia, akahitimu, akatafutiwa kazi na jamaa zake. Binti wa wazazi wa kipato cha chini aliyeishi vilevile hakuwa na wa kumwokoa. Walilala ghorofa moja, lakini hawakulipa gharama moja.

3.0 Sarufi ya mapenzi katika Kiswahili

Kiswahili hakina neno lililo sawa na hukapu, na ukosefu huo si wa bahati mbaya. Lugha yetu ina namna yake ya kupanga watendaji wa mapenzi, nayo imo ndani ya kauli za kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume hutongoza, mwanamke hutongozwa; huchumbia, naye huchumbiwa; na katika lugha ya vijana hula, naye huliwa. Kiambishi cha kutendwa kinamkaa mwanamke tangu posa hadi kitandani. Anayesema kwamba msichana “kamuoa” mvulana anafanya mzaha, na wasikilizaji wote wanajua anamcheka nani.

Kipo kikundi cha vitenzi ambamo msichana huchukua kauli ya kutenda. Husemwa kwamba anachuna, yaani anamchuna buzi. Husemwa kwamba anadanga. Tuangalie yambwa ya vitenzi hivyo. Kinachotendwa hapa ni mfuko wa mwanamume. Lugha ya mitaani, kwa sehemu kubwa, imemruhusu msichana kuwa mtenda pale tu anapotuhumiwa kupora. Hana kitenzi chepesi cha kusema kwamba alimtaka mtu, akamfuata, wakaelewana, kisha yakaisha.

Kauli ya kutendana ingeweza kumsaidia, kwa kuwa inawagawia wawili tendo moja: pendana, oana, achana. Lakini kauli hiyo hutumika zaidi kwenye ncha mbili za uhusiano, yaani upendo na utengano, na kwa nadra katikati. Katikati tuna tasfida kutembea na, ambayo ndiyo jirani wa karibu wa hukapu. Kama hukapu, haisemi kilichotendeka. Tofauti ni kwamba anatembea naye mara nyingi huashiria mwendelezo, hivyo uhusiano wa usiku mmoja huikwepa hata tasfida hiyo.

Pengo hilo limejazwa na nomino. Kiambishi u- cha nomino dhahania hulichukua tendo na kuligeuza hali ya mtu: uhuni, uasherati, umalaya. Kwa upatanisho wa kisarufi, malaya hana jinsia. Kwa matumizi, tunajua anayetajwa. Mwanamume mwenye mwenendo uleule huitwa kiwembe, jina ambalo hata likitamkwa kwa lawama hubakiwa na makali ya sifa. Aidha, umalaya ni neno lililobeba maana ya biashara. Linapotumiwa kwa mwanafunzi aliyempenda mvulana, kwa aliyelewa akalaghaiwa, na kwa aliyelazimishwa na mwenye mamlaka juu yake, linayaita matukio matatu kwa jina la tukio la nne.

Kampeni za kujikinga na UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, zilituongezea ngono zembe. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na siibezi. Lakini kisemantiki kirai hicho kimehamisha uzembe kutoka kwa watu hadi kwenye tendo, na tendo lisilo na watu haliwezi kuulizwa nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

4.0 Rosa chuoni: usomaji mwingine

Tuirejee riwaya. Rosa anakulia Ukerewe, katika nyumba ya Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama katika pombe, na Regina, mama anayeibeba familia. Barua kutoka kwa kijana Charles inatosha kumletea kipigo kikali kutoka kwa baba yake. Kutoka hapo tunaingia katika maisha ya shule ya bweni na hatimaye chuo cha ualimu Morogoro, ambako Rosa anakuwa na mahusiano na wanaume kadhaa, anatoa mimba, na jina lake linachafuka. Baadaye Charles anarudi akiwa mchumba, anabaini kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Ilipotoka, riwaya ilizuiwa kusomwa shuleni. Baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa sana.

Usomaji wa nomino moja unauchukua mfululizo huu wote na kuuita umalaya. Tukiuliza nani katenda na nani katendwa, mfululizo unagawanyika.

Kwanza, kuna barua. Hapa Rosa hajatenda lolote, ameandikiwa. Adhabu inamshukia mpokeaji. Kabla ya kufika chuoni, Rosa amekwisha kufundishwa skripti: katika mapenzi, mwanamke huadhibiwa kwa lile alilotendewa. Tunapolalamikia malezi ya Zakaria tunataja ukali wake tu. Ukali ulikuwa na maudhui, na maudhui hayo Rosa atayakuta tena kwa kila mwanamume atakayekutana naye.

Pili, kuna wanaume wenye vyeo. Katika njia ya Rosa wapo wenye mshahara, nafasi serikalini na mamlaka ya kitaasisi, na mkuu wa chuo ni mmoja wao. Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapouma. Uhusiano wa mkuu wa chuo na mwanachuo si tukio la aina moja na mapenzi ya vijana wawili waliokutana kwenye dansi, hata kama msichana hakulia wala kupinga. Mmoja anasaini matokeo, mwingine anayasubiri. Leo Kiswahili kina jina la hali mwenye mamlaka anapoitumia nafasi yake kudai penzi: rushwa ya ngono, kosa linalotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sidai kwamba riwaya ya 1971 inasimulia kosa la sheria ya 2007. Ninachosema ni kwamba kirai hicho kimepangwa vizuri kuliko nomino yetu: neno kuu ni rushwa, na rushwa humwelekeza msikilizaji moja kwa moja kwa mwenye ofisi.

Tatu, kuna matendo ya Rosa mwenyewe. Hapa natofautiana na wahakiki waliojaribu kumwokoa kwa kumfanya mwathirika mtupu. Rosa huchagua. Zipo nyakati anapofurahia kutamaniwa, na zipo nyakati anapowatumia wanaume kama wanavyomtumia. Kumwita mwathirika kila mahali ni kumbandika kauli ya kutendwa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo Zakaria alikwisha kulifanya. Malaya na mwathirika ni nomino mbili zinazogombana, lakini kosa lao ni moja: kila moja humpa mhusika kauli moja ya kitenzi kwa maisha yake yote.

Nne, kuna Charles. Yeye haulizi Rosa alitendewa nini, na nani, akiwa na umri gani. Anauliza swali moja la ndiyo au hapana, na mwili wa Rosa ndio unaojibu. Kipimo cha Charles hakina nafasi ya kutofautisha penzi, hila na shinikizo. Ndicho kipimo cha muhtasari wangu wa mihadhara. Riwaya inaonesha kilivyo na matokeo ya kifo, nasi tumekuwa tukikitumia kusahihishia mitihani.

Ndiyo maana naamini mwisho wa riwaya, ambapo Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, haukuwekwa kwa ajili ya kutisha wasomaji vijana. Mwandishi ameiondoa kesi mikononi mwa kijiji, chuo na mchumba, ameifungua upya, na safari hii kuna mshtakiwa zaidi ya mmoja.

5.0 Mipaka ya ulinganishi

Huenda msomaji akauliza kama basi tuazime dhana ya utamaduni wa hukapu na kuitumia kwa vyuo vyetu. Nashauri tahadhari. Dhana hiyo ilizaliwa katika mazingira mahususi: mabweni ya watu wa rika moja, vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye nyumba zao, pombe, na familia zilizo mbali. Wahusika wake wakuu ni wanafunzi kwa wanafunzi. Rosa hakuishi hivyo, na wanafunzi wetu wa leo hawaishi hivyo kikamilifu. Wapo wanaopendana wao kwa wao. Lakini mazungumzo ya mabwenini kuhusu bumu lililochelewa, kuhusu buzi mwenye gari, na kuhusu mhadhiri “anayesumbua” yanaonesha mahusiano yanayovuka rika, kipato na mamlaka. Kuyaita yote ngono isiyo na ahadi ni kudhani kwamba kilichokosekana ni ahadi. Mara nyingi kilichokosekana ni usawa.

Kinachofaa kuazimwa ni namna ya kuuliza: tofauti ya Wade kati ya tendo na mazingira, dhana ya skripti, na uangalifu wa Armstrong na Hamilton kuhusu nani hulipa gharama. Vyote hivyo vinaweza kufanya kazi ndani ya Kiswahili, tena kwa msaada wa kauli za vitenzi ambazo Kiingereza hakina kwa utaratibu kama wetu.

Pingamizi jingine ni la kimaadili. Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba fasihi hufunza, na kwamba mwalimu anayekataa neno umalaya amewaacha mabinti bila onyo. Naliheshimu pingamizi hilo, kwa kuwa wanaolitoa ni wazazi kama mimi. Lakini onyo lenye manufaa hutaja hatari ilipo. Binti aliyefundishwa kwamba hatari ni umalaya wake mwenyewe ataondoka darasani akijichunga yeye. Hatajua la kufanya siku atakapoitwa ofisini baada ya saa za kazi, na likimpata la kumpata, atakuwa amekwisha kupewa jina la kujiita. Hukumu ya kimaadili ina nafasi yake katika uhakiki. Nafasi hiyo ni baada ya maelezo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba msamiati tunaoutumia kuhakiki mapenzi ya wanavyuo umetuzuia kuona mambo ambayo riwaya yenyewe iliyaona mwaka 1971. Mapendekezo yangu ni ya kawaida sana. Watungaji wa mitihani waache maswali yanayomtaka mwanafunzi “kujadili umalaya wa Rosa”, na badala yake waulize ni mahusiano gani anayoingia, na nani, kwa masharti ya nani. Wasimamizi wa tasnifu wazipitie hojaji zenye maneno kama ngono zembe, kwa sababu mhojiwa akisikia neno lililokwisha kumhukumu hujibu hukumu badala ya swali. Watunga kamusi nao waangalie kama fasili zao za maneno haya zinafafanua matumizi au zinayarithi tu.

Muhtasari wangu nimeuandika upya. Kichwa kile hakipo; mahali pake pana jedwali lenye safu tatu: tendo, watendaji, mamlaka. Safu ya tatu ndiyo iliyochukua muda mrefu kujazwa. Mwanafunzi aliyeuliza swali lile alihitimu kabla sijapata jibu, na wakati ule sikufikiri kumuuliza kama alikuwa anazungumzia riwaya tu.